Mbuzi Aitwaye Kiingereza

Kamembe, 15 Novemba 1998

Binti yangu Mahoro,

Asalaam alaikum. Nakusalimu kwa mikono yote miwili, uso wangu nimeuelekeza Butare, ingawa mbele yangu naona ukuta wa jirani yetu Gaudiose tu. Sisi huku ni wazima. Cherehani ni nzima, jana nimeitia mafuta. Mdogo wako Ikirezi ameng'oka jino la mbele na anawaonyesha wateja wangu kabla hawajaomba. Mvua inanyesha kila mchana, nashona barazani vitambaa nimevifunika na nailoni.

Mtaa mzima unajua uko univerisite. Sikuwaambia mimi. Nilimwambia Gaudiose peke yake, na Gaudiose unamjua. Sasa nikipita sokoni wananiita Maman Univerisite. Siitiki mara ya kwanza. Naitika ya pili, ili na wa mbali wasikie.

Wanauliza, "Anasoma nini?" Nawajibu, kwanza Kiingereza, kwa sababu ninyi mliolelewa kwa Kifaransa mmepewa mwaka mzima wa kuosha midomo kabla ya kuingia masomo yenyewe. Asiyepita mtihani wa mwisho wa mwaka anapoteza nafasi, anarudi kwao. Hilo la kurudi sikulisema. Nyumbani kwangu hakuna muntu wa kurudishwa.

Papa yako ameondoka jana na kamyo ya tajiri wake. Amepakia saruji ya Muganza, anaipeleka Kamituga, ng'ambo ya mpaka. Wamevuka daraja la Rusizi asubuhi, yeye na Bizimana, mwenzake wa kupokezana usukani. Nilimwambia, "Kamali, kule kuna vita." Akacheka. "Vita ikibomoa nyumba, Mwamini, batu banatafuta saruji." Ijumaa ijayo atakuwa hapa.

Kabla ya kuondoka alinunua mbuzi kule Nyakarenzo. Jike, jeusi, linene, lina kiburi. Unakumbuka ulivyohitimu Kurani una miaka kumi na moja? Papa alichinja, sahani zikatembea mtaa mzima, na mwalimu wa madrasa akavaa kanzu niliyoishona mimi. Papa amesema na Kiingereza itakuwa hivyohivyo. Siku utakayokihitimu atachinja kwa mkono wake mwenyewe, watu wale. Mbuzi amefungwa nyuma ya nyumba. Tumempa jina, anaitwa Kiingereza.

Basi mwambie mwalimu wako afundishe haraka, mbuzi anakula sana.

Mama yako,
Mwamini


Butare, 29 Novemba 1998

Kwa Maman mpenzi,

Asalaam alaikum na shikamoo yangu. Msalimie Papa, mbusu Ikirezi penye pengo. Mimi ni mzima, baridi ya Butare nimeanza kuizoea. Blanketi ulilonishonea pindo wenzangu wanaliazima, nalinyang'anya kila jioni.

Maman, Kiingereza hakina mwisho kama juzuu. Ukifunga mlango mmoja mingine inakufungukia. Wenzetu waliokulia Uganda wako chumba cha pili wanajifunza Kifaransa, nao wanalia kama sisi. Tukitoka tunakutana mlangoni, tunapeana pole kwa Kinyarwanda.

Sasa tumefika kwenye kugeuza sentensi. Aliyefanya kazi anarudishwa nyuma, na kile kilichofanywa kinakuja mbele. Mama anashona gauni: Mother sews the dress. Ukiigeuza: The dress is sewn by Mother. Kwa Kiswahili tunafanya bila kufikiri, gauni linashonwa na Mama, kazi imekwisha. Kwa Kiingereza kila neno linabadilisha nguo, nami navaa ile isiyo yangu.

Mwalimu amechoka na sentensi za kitabuni za paka na panya. Ametaka kila mtu alete kumi za nyumbani kwake, kazi zinazofanywa na watu anaowajua, halafu tuzigeuze mbele ya darasa. Nilikaa kuziandika nikafika ya tatu, kamasi zikaanza kushuka, wenzangu wakadhani nimepata mafua. Niandikie wewe, Maman. Andika tu kwa Kiswahili mnachokifanya huko.

Mtihani mdogo wa kwanza tumeshaufanya. Habari yake nitakupa siku nyingine.

Papa amerudi salama?

Mwanao,
Mahoro


Kamembe, 13 Disemba 1998

Mahoro wangu,

Amani iwe juu yako na juu ya blanketi. Barua yako imekawia, dereva wa basi aliisahau kwenye kofia yake, nimemgombeza mpaka akanishikia nyuzi. Ikirezi jino jipya limeanza kuchungulia. Shangazi yako wa Nyakarenzo ametuletea maharage.

Mwanangu, nimejifunza hiyo sentensi! Nimeisema barazani siku nzima mpaka Ikirezi akaziba masikio. Na tazama, Jumatatu akaja bwana mmoja wa forodha, wale waliokulia Uganda, ameleta suruali iliyochanika. Nilipommalizia nikamwambia kwa sauti ya darasani, "The trouser is sewn by Mother." Akashangaa. "Which mother?" Nikajigonga kifua. Alicheka mpaka akakaa chini. Sasa amewatuma wenzake wote, nina suruali za forodha kama mlima. Kiingereza chako kimeanza kunilisha kabla hakijakulisha wewe.

Hizi ndizo sentensi zako, nimezihesabu kwenye vidole. Mama anashona suruali. Mama anapika samaki wa sambaza. Mama anafagia ua. Ikirezi anaficha jino chini ya mto. Ikirezi anaimba wimbo wa madrasa na anauharibu. Gaudiose anaazima chumvi yetu. Mbuzi anakula khanga ya Gaudiose, hii ni ya kweli, na kumetokea maneno. Mukagasana wa nyumba ya nyuma anafuga beberu anayenuka. Shangazi analeta maharage. Mvua inaangusha ukuta wa choo. Ukitaka nyingine sema, kwetu hakuna muntu anakaa bure.

Papa yako anakusalimu.

Nimewaambia watu kwamba mtihani wa kwanza umeufaulu. Wewe hukusema, lakini namjua mtoto wangu.

Mama yako,
Mwamini, by Mother


Butare, 27 Disemba 1998

Maman mpenzi,

Ramadhani njema kwenu. Huku tunaofunga ni wachache. Mpishi anatuwekea chakula pembeni, tunakikuta kimeshaganda, lakini alhamdulillah.

Sentensi zako zimeniletea jina. Niliposoma ile ya mbuzi na khanga, darasa zima liliruka, na mwalimu akaiandika ubaoni. Adrien wa Muganza, anayekaa nyuma yangu, sasa ananiita Khanga.

Nimezisoma tena nikiwa peke yangu. Wewe umo, Ikirezi yumo, Gaudiose yumo, mpaka beberu la Mukagasana limo. Papa hayumo. Sentensi kumi, na Papa yangu hafanyi kitu chochote nyumbani kwetu? Yule asiyeweza kukaa bila kupigilia msumari mahali?

Unasema ananisalimu. Mwambie aandike mstari mmoja chini ya barua yako kwa mkono wake. Hata jina tu.

Mahoro


Kamembe, 5 Januari 1999

Binti yangu,

Nakusalimu kwa salamu za mwezi mtukufu. Ikirezi amefunga nusu siku, saa sita akaniambia nusu ya pili atamalizia mwakani. Barazani kazi ni nyingi, watu wanataka nguo za Idi, mguu wangu wa cherehani umevimba, lakini ni uvimbe wa heri.

Mbona unauliza maswali kama hakimu? Papa yako ni mzima, yuko hapa anaingia anatoka, unamjua, kazi ya kamyo haina ratiba. Hakuweza kuandika mstari kwa sababu mikono ilikuwa na grisi. Unataka sentensi zake? Hizi. Papa anaosha kamyo. Papa anapigilia bati la jikoni. Papa anakunywa chai ya tangawizi kila asubuhi, vikombe viwili. Papa anambembeleza mbuzi kama mke wa pili. Papa anamsuka Ikirezi nywele na kumkosea. Zinatosha? Zigeuze unavyotaka.

Idi usije. Barabara ya msituni haijatulia, na nauli nunulia madaftari. Nguo yako ya Idi nampa dereva, ni ya zambarau, shingo nimeikata pana kidogo kwa ajili ya univerisite.

Soma tu, mwanangu. Hiyo ndiyo kazi niliyokupa.

Mama yako


Butare, 20 Januari 1999

Maman,

Idi njema iliyopita. Nguo imenikaa vizuri.

Papa alifunga hata siku ile alipokuwa na malaria, mpaka shehe mwenyewe akaja kumkataza, naye akamwambia, "Shehe, subiri magharibi ifike, nitakusikia." Papa anafunga kwenye usukani, kwenye vumbi, na chupa ya maji ya injini iko mguuni kwake. Wewe unaniandikia tarehe tano Januari, katikati ya Ramadhani, kwamba anakunywa chai kila asubuhi. Vikombe viwili.

Nilikuwa nimekaa nageuza sentensi hiyo. Nilishaandika chai mbele. Kalamu ikasimama pale.

Maman, Papa yuko wapi?

Mtihani wa mwisho ni Juni, lakini siwezi kukaa hapa. Jumamosi nakuja.

Mahoro


Kamembe, 22 Januari 1999

Mahoro,

Barua hii nampa dereva mkononi, nimemuapisha akukabidhi kabla hujapanda. Nisamehe, leo salamu ni fupi. Sisi ni wazima, mimi na Ikirezi.

Papa yako hajarudi tangu siku ile niliyokuandikia. Ijumaa ilifika, nikapika, nikafunika sahani. Bizimana alirudi mwanzoni mwa Disemba kwa miguu, miguu yenyewe huwezi kuiangalia. Anasema walikuwa wameipita Mwenga wakakuta kizuizi. Wanaume wenye bunduki. Wa upande gani hajui, na kule pande ni nyingi. Walimshusha yeye, wakapakia vitu vyao juu ya saruji, wakamwambia Papa endesha. Bizimana anasema Papa alipiga honi mara mbili, halafu kamyo ikaingia kwenye kona. Hiyo honi ndiyo habari yote niliyo nayo. Kila siku namuuliza Bizimana, "Ilikuwa ndefu ao fupi?" Masikini anajibu kila siku.

Baba yako mdogo Hamdani anasema kaka yake amekufa. Anataka tumsomee hitma, tukae matanga, nami niingie eda: nifunge mlango, niache cherehani, nivae nguo zisizo na rangi kwa miezi minne na siku kumi. Shehe amemwambia, "Hamdani, hatuna shahidi, tungoje." Hamdani amekubali kungoja, lakini anangoja kama muntu wa basi, amesimama. Usimchukie. Anataka mahali pa kumlilia ndugu yake.

Sasa nisikilize, kwa maana hili ndilo jambo lenyewe. Usije.

Watu wakiniuliza, nawaambia Kamali yuko safarini. Nashona barazani wanione. Navaa kitenge changu cha njano wanione. Na wakianza kunong'ona, nawaambia, "Basi mbona Mahoro anasoma? Mbona hajarudi?" Hapo wananyamaza. Mtoto harudi kutoka univerisite katikati ya mwaka bila msiba. Siku utakayoshuka kwenye basi na begi lako, mtaa mzima utaweka mikono kichwani, na Hamdani ataleta mikeka. Utakuwa umemzika baba yako kwa kushuka tu.

Kaa huko. Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu.

Mama


Butare, 14 Februari 1999

Maman,

Asalaam alaikum. Natumaini mguu umepungua uvimbe.

Dereva alinipa barua yako nimeshaweka begi juu ya basi. Niliisoma nimesimama. Watu wakanipita wakajaza viti, dereva akapiga injini, akaniuliza, "Mama mdogo, unapanda ao unabaki?" Alishuka mwenyewe, akanitolea begi, akaliweka miguuni pangu, akaondoka.

Nimekaa. Naingia darasani, natoka. Nikibaki nakuacha peke yako na Hamdani na maneno ya watu. Nikija namzika Papa. Hukuniachia mahali pa kuweka mguu. Nimekukasirikia sana, na hasira yenyewe nikiigeuza mbele nyuma naikuta inatoka palepale upendo unapotoka.

Na ule mtihani wa kwanza sikuufaulu. Nilikuwa wa tatu kutoka mwisho. Sasa unajua na wewe. Waambie watu au usiwaambie.

Adrien anasema kwao Muganza kuna madereva wengine wawili ambao hawajarudi. Nilimwomba asinieleze zaidi.

Mbuzi yuko?

Mahoro


Kamembe, 21 Machi 1999

Mahoro wa kwangu,

Wa alaikum salaam. Barua yako imenipata, nimeiweka kwenye droo ya cherehani pamoja na sindano. Ikirezi jino limetoka lote, limekaa upande, litanyooka. Mvua zimerudi. Gaudiose amenunua khanga nyingine na anaianika mbali.

Umekuwa wa tatu. Nimewaambia watu ulikuwa wa tatu. Upande wa kuhesabia hawakuuliza.

Mbuzi yuko, amenenepa, tunamtunza. Mwezi uliopita beberu la Mukagasana lilikata kamba likaangusha uzio wangu na kuingia. Nilitoka na ufagio, Mukagasana akatoka na fimbo, yeye analaumu jike langu, mimi nalaumu beberu lake. Akaniambia, "Maman Univerisite, mbuzi yako inavaa marashi ao?" Tulicheka, mwanangu. Tulicheka mpaka nikakaa chini kwenye matope, halafu Mukagasana akaniinua maana nilikuwa nimeshaacha kucheka.

Nilikwenda darajani Rusizi na picha ya Papa, ile ya arusi ya shangazi yako, amevaa koti langu la kwanza kushona. Nikawaonyesha madereva wote. Nikaenda na kwenye uwanja wa ndege wa hapa Kamembe, nikasimama nje ya seng'enge, ndege zikishuka kutoka ng'ambo nikawaonyesha wanaotoka. Mmoja alisema amemwona mjini Shabunda. Mwingine akasema Kindu, anaendesha gari jekundu. Mwingine alisema ndiyo kabla sijamaliza kuuliza. Wanasema ndiyo ili niwapishe njia. Mimi nachukua zote, napeleka nyumbani. Leo yuko Shabunda, kesho yuko Kindu. Mchana nikishona namhamisha.

Hamdani huja Ijumaa baada ya swala, anakaa kwenye benchi la wateja. Namshonea kola. Anaangalia kitenge changu cha njano.

Huyu Kamali wa kweli nakupa sasa, bila uongo. Papa alikubeba mgongoni kuvuka maji ya Bugarama mafuriko yalipofunga barabara, wewe una surua. Papa alijenga baraza hii peke yake, akaifanya fupi kwa upande mmoja, nguo zinateleza. Papa aliuza saa yake ununuliwe begi la shule, akasema imepotea. Papa hawezi kula sambaza, macho ya samaki yanamwangalia. Zigeuze hizo, mwanangu. Pigana nazo. Mimi nimesimama mlangoni mwa nyumba hii nimeshika pande zote mbili, na siwezi kuachia nikusaidie. Wewe pita tu huo mtihani.

Mama yako


Butare, 4 Julai 1999

Maman mpenzi,

Asalaam alaikum, na salamu kwa Ikirezi, na kwa Gaudiose, na kwa baba mdogo Hamdani pia. Nilikaa kimya tangu Machi, Aprili ya kumbukumbu iko katikati, na wewe unajua Aprili ilivyo kwetu. Mikono haikushika kalamu.

Nimepita.

Majina yalibandikwa ukutani jana asubuhi. Si wa kwanza, si wa tatu kutoka mwisho. Niko katikati, Maman, mahali pazuri pasipoonekana. Nafasi yangu ipo, Septemba naanza masomo yenyewe. Adrien amepita. Alinibeba juu, akaniangusha.

Halafu nikageuka kumtafuta Papa nimwambie. Niligeuka kabisa na mwili, kama mtu aliyeitwa. Nikabaki nimesimama hivyo.

Sasa ni vakansi. Wanafunzi wote wanarudi kwao, na mtoto akirudi wakati wa vakansi si msiba. Nimelifikiria jambo hili tangu Februari. Naweza kuja?

Na usimchinje Kiingereza. Ngoja.

Mahoro


Kamembe, 28 Julai 1999

Kwa Mahoro, binti wa Kamali, mhitimu wa Kiingereza,

Asalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Leo nimekuandikia na ile kalamu ya bwana wa forodha, ameniachia kwa heshima yako. Ikirezi anakusalimu, anakutaka umletee kitu, hajui kitu gani. Shangazi analeta maharage tena. Jua kali, lakini nina furaha inayonisumbua kama njaa.

Dereva alinipa barua yako sokoni. Nilipiga kigelegele pale kwenye vitunguu. Wakakimbia wakidhani nimeibiwa. Nikawaambia, "Amepita! Mahoro amepita!" Wakapokea na wao. Nilirudi nyumbani nikiwa na kundi nyuma yangu kama bibi arusi.

Na kundi linataka kula. Unajua watu. Mbuzi tulimtangaza wenyewe, mwaka mzima wanamsikia jina. Gaudiose akauliza kwa utaratibu, "Maman Mahoro, mbuzi atachinjwa lini?" Nikasema, "Mwenye mbuzi akirudi." Wakaangalia chini wote pamoja, hata watoto.

Ijumaa ya tarehe tisa Hamdani akaja na kisu. Amevaa kanzu safi, amekinoa, amekifunga kwa kitambaa. Nyuma yake wazee watatu wa msikiti. Mimi nikakaa kwenye njia ya uani, kwenye ile pembe fupi ya baraza, nikaifunga kwa mwili wangu.

"Shemeji," akaniambia, "nadhiri ni nadhiri. Mtoto amehitimu. Kaka yangu aliahidi damu ya mbuzi huyu."

"Aliahidi kuchinja kwa mkono wake."

"Mkono wake hauko hapa. Wangu uko."

"Ukichinja wewe, Hamdani, wewe ndiye mwenye nyumba. Na kesho utaniletea mikeka."

Hakukataa. Alisimama pale, muntu muzima, akasema kwa sauti ya mtoto, "Hata mimi ninamungoja, Mwamini. Nimechoka kumungoja nimesimama." Wazee wakamshika mabega. Kwa kweli nilikuwa naanza kusogea. Nakuambia wewe tu, goti langu moja lilikuwa limeshainuka kumpisha.

Hapo Ikirezi akapiga kelele uani, "Mama! Kiingereza anatoa kitu!"

Tukakimbia wote, Hamdani na kisu chake. Mbuzi amelala pembeni, amenuna, na miguu miwili midogo imetoka nje. Mwaka mzima najisifu amenenepa! Mukagasana akaruka uzio bila kukaribishwa, akasema, "Ni ya beberu yangu, naitambua jeuri yake." Mbuzi akazaa wawili. Wa kwanza mweusi, wa pili ana doa jeupe usoni. Hamdani ndiye aliyewafuta kwa kile kitambaa cha kisu, kwa sababu hakukuwa na kitambaa kingine karibu.

Mzee mmoja akatikisa kichwa, akamwambia, "Rudisha kisu. Mwenye kunyonyesha hachinjwi."

Wakaondoka bila kula. Gaudiose akapika wali wake na maharage ya shangazi, sahani zikatembea mtaa mzima hivyohivyo, watu wakakuombea dua. Papa yako wakamtaja katikati, wala hawakusema marehemu. Nilikuwa nasikiliza.

Kwa hiyo njoo. Ni vakansi, njoo. Vaa ile nguo ya zambarau, ushuke kwenye basi unacheka, na mbele ya watu usinikumbatie muda mrefu. Nyumbani tutakumbatiana.

Alituachia mbuzi mmoja, akirudi atakuta watatu. Hilo ndilo ninalowaambia watu na wanalipenda. Lakini nitakuambia na lile nisilowaambia. Watoto hawa wa mbuzi wana nguvu sana. Jana yule mwenye doa ameonja jani. Ijumaa zote Hamdani anapita kuwaangalia, anawashika migongo, anasema kwa upole kwamba wanakua vizuri, na hasemi uongo. Wakiachishwa ziwa sitakuwa na neno tena la kumzuia na kisu chake. Kila asubuhi kabla ya kufungua cherehani nakwenda uani, namshikia mama yao kichwa wapate kunyonya. Halafu nawaangalia, mwanangu, mimi niliyekulisha wewe usiku na mchana ili ukue haraka, nawaomba wanyama hawa wakawie.

Mama yako,
Mwamini, mke wa Kamali